Maji ya Moto Bila Hodi

Mlango ulikuwa haujafunguliwa, lakini kigoda cha tatu kutoka ukutani kilikuwa kimelowa chepechepe. Mtu mwingine angeshtuka. Didas wa Moshi? Thubutu! Huyo, ukimsikiliza mwenyewe, tangu azaliwe ameogopa kitu kimoja tu: hesabu za darasa la sita.

Ilikuwa Januari 2014, kwenye bafu la Kijapani pale Ixelles, Ubelgiji. Usicheke, watu walikuwa wanavua mpaka soksi, wanaketi kwenye vigoda vifupi vya mbao, wanajisugua na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo wanaingia kwenye hodhi la mbao linalofuka mvuke, kitambaa kidogo kichwani, kimya kama viazi sufuriani. Kujisugulia humo ndani ni mwiko. Mle unaloweka mifupa tu. Kila asubuhi Didas, msafishaji wa upande wa wanaume, alichomoa kizibo, maji yakaenda, akasugua mbao.

Mwenzake Nusura, mtoto wa Tanga, alishika upande wa wanawake. Yeye hakuchomoa kizibo bila kugonga ukingo mara tatu. "Bismillahi. Jamani mlio chini, maji ya moto hayo, pisheni."

"Dada, majini wa Ubelgiji watakuelewa wapi? Sema Kifaransa."

"Cheka tu. Ukimuunguza mtoto wa mwenzio, tutaona."

Basi Jumanne Nusura akawa na ruhusa, na bingwa wetu akachomoa vizibo vya pande zote mbili huku anapiga mluzi. Chini ya sakafu kitu kikalia, mara moja, kama kitoto cha paka. "Mabomba ya zamani," akasema.

Jumatano ndiyo kigoda kikalowa, na mvuke ukanuka nywele zilizoungua. Jioni, nyumbani Etterbeek, mkewe Imelda alikuwa anamwogesha Nehemia wao wa wiki tatu. Maji aliyapima kwa kiwiko, vuguvugu. Mguu wa mtoto ulipogusa, beseni lilitoa mvuke.

"Baba Nehemia! Malengelenge!"

Hospitalini daktari aliwatazama kwa jicho baya. Mkirudi na lengelenge lingine, alisema, mtoto hamtaondoka naye.

Kesho yake Didas alimnong'oneza Nusura yote. Mluzi ulikuwa umekauka.

"Umemuunguzia mtu mwanawe," Nusura akajibu, sauti chini. "Kaombe radhi. Wajapani wenyewe huonyeshana heshima kwa kuoshana mgongo. Weka vigoda viwili, kaa cha nyuma, osha. Ukiulizwa chochote, funga huo mdomo wako."

Saa nne kasoro, bafu bado tupu, Didas akaketi, akachota maji ya baridi kwa ndoo ya mbao, akayamwaga taratibu juu ya kigoda cha mbele ambacho hakikuwa na mtu, na maji hayakufika sakafuni, yalitambaa hewani yakachora mabega, uti wa mgongo, kiuno cha mwanamke, naye akapeleka kitambaa, akasugua, na chini ya kitambaa akahisi ngozi inateleza na kuvimba kama utando wa maziwa yaliyochemka, na harufu ile ya nywele ikamjaa kooni asiweze hata kukohoa.

"Nisamehe, mama," akanong'ona. "Sikujua."

"Nimesamehe." Sauti ilitoka karibu mno. "Wangu nimeshamzika. Ila kifua kimejaa, kinaniuma. Wako anaitwa nani?"

Mdomo ambao haujawahi kufungwa tangu Moshi, ungefungwa leo?

"Nehemia," akasema.

Kigoda kikabaki kitupu.

Alifika nyumbani mbio. Imelda alimpokea mlangoni anacheka na kulia. "Malengelenge yamekauka yote, Baba Nehemia! Hata kovu hakuna."

"Na yeye?"

"Amelala. Ila tangu saa nne anakataa ziwa, nimejaa mpaka nguo imelowa." Akapunguza sauti. "Na bado tumbo lake limeshiba. Hebu lishike."

Didas akamwinua mwanawe begani. Mtoto akacheua, na maziwa yaliyomtoka mdomoni yalikuwa yanafuka mvuke.