Phonie ya Papa Kahongya

Phonie haikuwa na batri, na bado ilikuwa ya moto. Adèle alipoipangusa vumbi aliondoa mkono upesi.

Ndiyo ile redio kubwa ya kusemea ambayo baba yake, Kahongya, alifanyia kazi miaka mingi katika bureau hii, ofisi ya malori, pale Butembo, kabla ya simu za mkononi kufika. Kila jioni aliita nyumbani Beni, kwenye phonie ya huko, na watoto wake walisongamana kwa mama yao, kila mmoja akitaka kushika micro aseme naye. Naye alingoja. Hata kitinda mimba akisimulia habari za kuku bila mwisho, baba hakumkatiza. Walipomzika, Adèle alirithi kiti chake, akakataa phonie itupwe.

Mchana ule ilianza kukoroma. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani.

"Adèle. Mwana wangu. Unanisikia?"

Aliinamia phonie. "Papa?"

"Nani na nani iko ku nyumba yako? Nitajie bote."

Akamtaja mama yake, Katungu, akamtaja mumewe, Jordy, na kila jina lilipomtoka harufu ilizidi na chuma kikadunda kama moyo, na machozi ya furaha yalikuwa yakimchuruzika, na alikuwa amefumbua kinywa kumtaja Shekinah, mtoto wake aliyezaliwa baada ya msiba, sauti ilipomkatiza: "Na ule mudogo? Jina yake? Sema mbio."

Adèle akafumba kinywa. Kisha akanong'ona, "Papa hakukatizaka mutu. Weye hapana Papa."

Kitu kile kikacheka, kwa kicheko cha Papa kabisa.

Yolande, mwenzake wa kazini aliyesikia yote kutoka mlangoni, alikimbia kumwita Mama Vagheni, mama wa maombi.

"Ulimupatia jina ya mutoto?" Vagheni aliuliza polepole.

"Hapana. Ya mama tu, na ya bwana yangu."

"Ni jini. Inavaaka sauti ya batu benye balikufa."

Aliomba hadi vioo vya dirisha vikatetemeka, akainyunyizia maji ya baraka, kisha wakaitoa nje uani wakaiponda kwa nyundo. Harufu ikakatika. Katungu na Jordy, waliotajwa majina, waliugua homa kali, wakapona. Shekinah hakuguswa.

Lakini Adèle akikaa kukumbuka jioni zile za Beni, anaona kila kitu: micro, vidole vya wadogo zake, mama akicheka. Ila sauti inayotoka si ya Papa tena. Ni ile nyingine, na ingali inauliza jina.