Mguu wa Kulia Mbele

"Muadh, ubao huu wa nani?"

Muadh alikuwa na pande la halwa mdomoni. Alilimeza bila kulitafuna.

"Wangu. Wa nani tena?"

"Wako?" Safa alisimama nyuma ya gari, mlango wa nyuma uko wazi, na ubao mwekundu mpya umelazwa juu ya mafurushi ya nguo za harusi. "Wewe si unatanguliza mguu wa kushoto? Vishikio hivi vimefungwa kulia mbele."

"Ah, hivyo... nilimfungia rafiki."

"Rafiki gani?"

"Habibti, baba yako ananingoja ndani. Kahawa inapoa."

Akaondoka mbio, kama mtu aliyesikia ikama ya sala naye hajatia udhu. Safa akabaki pale uani kwao, mjini Ibra, jua la Ijumaa likimchoma utosi.

Asiyejua mchezo huu atasema binti ana wivu wa bure, kwani ubao ni ubao tu. Sivyo. Kuna vijana wachache Oman, hata kumi hawafiki, wanaoteleza kwenye mchanga wa Bidiya kwa viatu vigumu. Si vile laini wanavyokodishwa watalii. Hivi ni vya plastiki nene, vinapanda mpaka karibu na goti, hununuliwa mitumba kutoka Ulaya, na huubana ubao kwa vishikio vya chuma vilivyokazwa skrubu. Ukiulaza ubao ubavu, unakata mstari mwembamba toka kileleni mpaka chini, raha yake hasemi mtu. Baridi ikiingia hukusanyana wakaenda Uturuki kuteleza kwenye theluji, maana viatu hivyo asili yake ni vya theluji. Kila mmoja ana mguu wake wa mbele, na ukishakaza skrubu zako, mwingine hapandi.

Na katika watu wote hao, anayetanguliza kulia ni mmoja tu, Nada wa Nizwa. Nada huyo huyo ambaye mama yake na mama yake Muadh walishawahi kukaa wakapanga watoto waoane.

Safa na Muadh walikuwa wameshasomewa milka. Kisheria ni mume na mke, imebaki harusi tu, na harusi ni wiki mbili mbele. Kuachana sasa si kuvunja uchumba, ni talaka. Binti wa watu apewe talaka kabla hata hajapakwa hina! Hilo ndilo lililomfanya Safa ashindwe kula chakula cha mchana na cha jioni.

Asubuhi yake akamwandikia Muadh: "Sabah el kheir. Leo uko wapi?"

Jibu likaja: "Zamu kiwandani. Ntakupigia jioni mpenzi."

Safa akaisoma meseji ile, akaisoma tena, kisha akapiga. Simu ikaita sana. Ikapokelewa, nadhani kwa bahati mbaya, maana Muadh hakusema neno. Kulikuwa na upepo. Kisha sauti ya mwanamke ikapiga kelele:

"Kunja goti, Muadh! Usinitazame mimi, tazama mbele!"

Simu ikakatika.

Bi Khole, dada yake baba, alikuwa jikoni anapepeta mchele. Alipomwona Safa mlangoni akaweka ungo chini.

"Una nini wee mtoto? Mbona umepauka hivyo?"

"Shangazi, Muadh kaniambia yuko kazini."

"Na yuko wapi?"

"Yuko mchangani. Na Nada."

Bi Khole aliinuka. Alijifuta mikono, akachukua buibui lake na funguo za Prado. Mwanamke yule ana miaka zaidi ya sitini, na anaendesha gari mchangani utadhani amezaliwa na usukani.

"Panda. Mie maneno ya simu siyawezi. Mtu n'namtazama usoni."

Njia nzima ya Bidiya Safa alikuwa akiomba. Mara aombe asiwakute, mara aombe awakute yaishe.

Waliwakuta. Gari la Muadh lilikuwa chini ya tuta kubwa, na pembeni yake gari la Nada, ndani kaka yake Nada kalala kwa kiyoyozi. Muadh mwenyewe alikuwa anashuka. Si Muadh yule anayesifiwa na watu, anayelala ubavu mpaka mkono unapapasa mchanga. Huyu alikuwa anatetemeka magoti, mguu wa kulia mbele juu ya ubao wa Nada, akaenda kidogo, akabiringika mpaka miguuni mwa Prado.

Akainua uso. Mchanga puani, mchanga kwenye ndevu.

"Safa!"

"Pole na zamu," Safa akasema.

"Skiza, n'takueleza..."

"Wewe kaa hivyo hivyo." Safa alimgeukia Nada, aliyekuwa anakuja na viatu vyake vigumu, anatembea kama bata. "Nada, mwenzangu, hongera. Ubao mwekundu mzuri. Mume wangu kakununulia."

Nada alisimama. Alimtazama Safa, akamtazama Muadh, akashusha pumzi.

"Nilimwambia. Wallahi nilimwambia, 'Mwambie mkeo kabla hajajua mwenyewe.' Hebu utoe garini huo ubao mwekundu, Muadh."

"Nada, ubao hii ni ya..."

"Ubao huu," Bi Khole akamkatiza. "Mtu unazama, na Kiswahili nacho unakizamisha!"

Nada akaulaza ubao mwekundu mchangani, akaweka kiatu chake juu ya kishikio cha mbele. Kiatu kilipita kwa urefu wa vidole viwili. Akakanyaga kwa nguvu. Hakikuingia.

"Umeona? Mguu wangu mkubwa kama wa baba yangu, Mungu kaniumba hivyo. Na mambo yangu na Muadh yalikuwa maneno ya mama zetu, sisi hatukuulizwa. Safa, viatu vyako viko wapi?"

"Viko garini mwangu," Muadh akajibu kwa sauti ndogo.

Safa akavaa viatu vyake, vibanio vikamshinda, Bi Khole akamfungia. Akakanyaga. Kishikio kikalia *ta*, kikabana. Akaweka na wa pili. *Ta*.

Alitaka kufurahi. Furaha ilishafika kifuani, kisha ikasimama.

"Lakini mimi natanguliza kushoto. Wewe mwenyewe ulinifunga kushoto."

Muadh hakuinua macho.

"Nilikosea."

"Ulikosea vipi?"

"Mtu mpya akija kwetu, kabla hatujampa viatu, tunamsukuma kidogo kwa nyuma ghafla. Mguu unaowahi kumzuia ndio wake wa mbele. Sote tulifanyiwa hivyo. Sasa wewe ulikuja na baba yako na kaka zako, milka bado. Ningekusukumaje? Ningekugusaje mgongo mbele ya baba yako?"

"Ungemwambia Shangazi anisukume."

"Niliona haya hata kulitaja."

"Ukafanyaje?"

"Nikakufunga kama mimi."

Safa akaushika mtulinga wake wa kushoto, mfupa uliovunjika miezi mitatu nyuma, baada ya milka, kwenye tuta lile lile. Siku ile binamu yake alipiga video. Ikazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima na wakwe wakiwamo, Safa anabiringika kama gunia la tende, na tangu hapo jina lake likawa Bi Gunia. Baba yake akamwambia mbele ya wageni, "Miguu yako ya zuliani hiyo, mwanangu. Michezo waachie wenye miguu." Na Safa akaamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba aliamini kabisa kuwa mwili wake una kasoro.

"Ulijua lini?"

"Nilipoitazama ile video vizuri. Kila ukishindwa, mwili unageuka wenyewe, mguu wa kulia unataka kutangulia. Nikaja kwa Nada anifundishe kwanza mimi, ili nijue kukufundisha wewe tukifika Uturuki. Nikanunua ubao. Nilitaka nirekebishe kimya kimya."

"Kimya kimya! Wakati wananiita Bi Gunia, na wewe kwenye kundi ukaweka kikatuni cha kucheka?"

"Siku ile nilikuwa sijajua."

"Na baadaye, ulipojua?"

Muadh akafuta mchanga machoni.

"Baba yako aliapa pale hospitali. Alisema lau angekuwapo mtu aliyesababisha, mtu huyo asingekanyaga tena nyumbani kwake. Niliogopa, Safa. Niliogopa utaniponyoka."

"Basi leo utakwenda kumwambia. Sasa hivi."

"Akinifukuza?"

"Bora ufukuzwe kwa kweli kuliko kukaribishwa kwa uongo."

Maneno makubwa hayo. Lakini kwenye Prado, kurudi Ibra, Safa alikuwa anauma ncha ya shela lake na machozi yanamtoka. Alikuwa amemkasirikia Muadh na anamtaka Muadh, vyote pamoja, na baba yake alikuwa mtu asiyerudi nyuma kwenye kiapo.

"Shangazi, baba atamtoa?"

"Kaka yangu namjua," Bi Khole akajibu. "Tangu mdogo kule Unguja, akisema kasema."

Haikumsaidia kitu.

Mzee Khalaf alikuwa sebuleni, birika la kahawa mkononi.

"Shikamoo, baba," Muadh akasema. Mchanga bado umo nyweleni.

"Marahaba. Kaa. Mbona mmekuja kama watu wa msiba?"

Akamtilia kikombe. Muadh akakipokea, akakishika tu. Kisha akasema yote. Kuhusu mguu, kuhusu haya, kuhusu video na kikatuni cha kucheka. Hakumtaja Nada kama kisingizio wala hakuulaumu upepo. Alipomaliza, birika la mzee lilikuwa limebaki hewani.

"Yaani mwanangu kavunjika kwa mkono wako."

"Ndiyo, baba."

"Na mie nikamcheka mbele ya watu. Ukanitazama n'namcheka mtoto asiye na kosa, ukanyamaza."

"Ndiyo, baba. Niliogopa."

Mzee Khalaf akaweka birika chini.

"Mfupa umeunga, huo si neno. Lakini mume anayemwogopa mkwewe kuliko anavyomwonea huruma mkewe, huyo wa kazi gani?"

Muadh aliingiza mkono mfukoni. Alitoa simu, akabonyeza lile kundi la ukoo, akasogeza mdomo karibu.

"Assalaam alaykum nyote. Mimi Muadh. Ile video ya Safa, aliyekosea si yeye. Nilimfunga miguu kinyume kwa sababu sikutaka kuuliza. Alivunjika kwa kosa langu, na nilipojua nikanyamaza. Jina la Bi Gunia nipeni mimi. Safa, nisamehe."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda, kwa mama yake kule Sur, kwa wajomba kule Nizwa, kwa kila aliyecheka. Simu ikaanza kulia mfululizo. Hakuna aliyeitazama.

"Safa," mzee akasema, "kiapo changu unakijua. Lakini mtulinga ulikuwa wako, na heshima iliyovunjwa ilikuwa yako. Mie sitasema kitu. Sema wewe. Nimtoe?"

Safa alimtazama Muadh, toka mchanga wa nyweleni mpaka kikombe mkononi.

"Usimtoe, baba."

"Mwoga huyu?"

"Alikuogopa miezi mitatu, ndiyo. Na leo pia anakuogopa. Tazama mikono yake. Lakini leo kasema."

Mzee Khalaf akatazama. Kikombe kilikuwa kinacheza vidoleni mwa mkwewe, kahawa imemwagika mpaka kwenye kanzu, na yeye mwenyewe hajui. Kisha mzee akajisogeza karibu na binti yake, akamwekea mkono kwenye bega la kushoto, taratibu, kama anayepima kama bado linauma.

"Na mie nisamehe, mwanangu. Miguu yako haina kasoro."

Hapo ndipo Safa alipolia kwa sauti, mpaka Bi Khole akatoka jikoni na mchele mkononi kuuliza nani kaachwa.

"Hapana aliyeachwa," Mzee Khalaf akamjibu. Akachukua kile kikombe kitupu, akakijaza tena mpaka juu, akamkabidhi Muadh. "Kunywa, baba. Tuna harusi."