Mlango wa Mninga

Kriii! Bawaba ya mlango wa jikoni ililia, kama ilivyolia kila alfajiri Bibi Ernestine alipokwenda kuwasha moto. Siku zote sauti hiyo humpita Aurélie usingizini. Jumamosi hiyo ilimkuta macho wazi, mkono chini ya mto, vidole vimeshika kimlango cha mninga kisichozidi kiberiti.

Jana yake, darasa lao la sita lilitoka Magamba kwenda kwenye makumbusho madogo ya Kashaulili. Waliona maonyesho ya kazi za Bi Odeta, msanifu majengo. Kulikuwa na michoro yake ya miaka thelathini, picha za shule na masoko, na katikati ya ukumbi mfano mdogo wa zahanati. Ukutani aliandika: “Naanza na mlango. Mlango ndio salamu ya nyumba. Mgonjwa aliyebebwa kitandani apite bila kuinamishwa.”

Aurélie ni mfupi, na wenzake walimziba. Mzee Telesfori, mlinzi wa ukumbi, alimwona akirukaruka, akamwinulia kamba iliyouzunguka mfano.

“Pita, mjukuu wangu, uone vizuri. Usiguse tu.”

Aurélie akagusa. Kimlango cha zahanati kilifunguka, kikajifunga, kikafunguka tena, kisha kikang'oka. Badala ya kusema, alikitia mfukoni.

Walipokuwa wakitoka, Hezron aligeuka akacheka. “Heh! Nyie, mmeona? Zahanati haina mlango! Yule mzee atakiona cha moto kesho, Bi Odeta mwenyewe akija.”

Wote walicheka. Aurélie naye alicheka, mkono ukiwa mfukoni.

Sasa uji ulikuwa mbele yake, unapoa.

“Mbona hunywi?” Bibi aliuliza. “Nimeutia karanga, unavyopenda.”

“Usinitilie karanga, Bibi,” Aurélie alisema, machozi yakimtoka. “Mimi mbaya.” Akaweka kimlango mezani, akaeleza yote.

Bibi hakufoka. Alifunika bakuli kwa sahani, akajifunga kanga. “Tutaunywa tukirudi. Vaa viatu.”

Walipofika Kashaulili, Mzee Telesfori alikuwa amepiga magoti ukumbini. Alikuwa amemwaga takataka zote juu ya gunia kuukuu, akizichambua kwa vidole. Bi Odeta alisimama kando yake.

“Kosa langu, mama,” mzee alikuwa akisema. “Nadhani nimeufagia mlango. Watoto hawakuvuka kamba.”

Aurélie alisogea mbele. Mzee alikuwa anambebea kosa lake.

“Nilivuka, Babu,” alisema. “Uliniinulia kamba, nami nikaung'oa. Nisamehe.” Akafungua kiganja.

Bi Odeta alikipokea kimlango, akakigeuzageuza, kisha akamtazama Aurélie. “Umeletwa, au umekuja?”

“Nimemsindikiza tu,” alijibu Bibi.

Bi Odeta akamshika Aurélie mkono, akampeleka kwenye picha ambayo jana wanafunzi waliipita mbiombio. Ilikuwa ya shule yenye ukuta uliolowa. Chini yake paliandikwa: “Hapa nilikosea.”

“Niliuelekeza mlango kule mvua inakotokea,” alisema. “Watoto wakasoma wamelowa. Niliona aibu, nikakaa kimya masika yote. Mvua haikujali aibu yangu, iliendelea kuingia. Siku niliyokwenda kukiri ndipo tulipohamisha mlango. Kosa lililofichwa, mwanangu, humlowesha mwingine. Leo lilikuwa linamlowesha mzee huyu.”

Akamletea gundi. Aurélie alikirudisha kimlango mahali pake, akakishikilia mpaka gundi ikakauka. Kilikaa upande kidogo. Bi Odeta alisema kibaki hivyo hivyo.

Mzee Telesfori alikuwa anakung'uta gunia lake. Aurélie alipita kando yake akitazama chini.

“We mjukuu,” mzee aliita. “Zile picha za masoko hujaziona. Njoo tena Jumamosi ijayo. Kamba nitakuinulia.”