Sauti Ndani ya Ndege ya Kivita

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji, Riruta.

"Ndege moja, kazi zote," Nashon alisema, kidole kwenye picha. "Inapigana angani, inaangusha mabomu chini, safari hiyohiyo. Mabawa yanaongozwa na nyaya na kompyuta. Hiki kioo kinamwonyesha rubani adui bila kuinamisha kichwa."

"Mteja anataka tuibe kioo tu," Kisilu, mkubwa wao, alimkata. "Hayo mengine peleka shule."

Oloo, dereva, alicheka. Nashon hakucheka. Zamani alikuwa fundi wa ndege za kivita. Genge hili la wizi aliliingia kwa sababu moja tu: Naliaka, dada yake. Alitoka na Kisilu kwenda kuiba, hakurudi. "Alitorokea Kampala, buda," Kisilu alimwambia kila mara, macho pembeni. Mama yao alikuwa bado anampakulia chakula kila jioni. Jamani, inauma!

Saa saba mchana. Maonyesho ya Jamhuri, mbele ya ndege ile ya pichani.

Umati ulikuwa umeenda kutazama bendi, mlinzi naye nyuma yao. Oloo alingoja nje na gari. Nashon na Kisilu, ndani ya ovaroli, walipanda ngazi ya ndege. Nashon aliwasha betri, kifuniko cha kioo juu ya kiti kikafunguka. Kisilu akajitosa ndani na bisibisi, akang'oe kile kioo cha rubani.

Ndipo mwanamke akasema humo ndani, kwa Kiingereza, taratibu: "Moto. Moto."

Ilikuwa mashine tu, ya kumwonya rubani. Betri ilikuwa imeiamsha. Nashon alitaka kumweleza, lakini lo! Kisilu alikuwa ameziba masikio.

"Naliaka, wacha!" alilia. "Ungetutaja kwa makarao, tufungwe! Ndiyo maana nikakufungia milango. Nilisikia ukigonga, nikaenda zangu... Wacha kuniita!"

"Milango gani?" Nashon aliuliza.

"Ya gari! Lilikuwa linaungua!"

Nashon alishuka ngazi moja. Dawa ya moto ni moto. Alibonyeza swichi ya nje, kifuniko kikashuka, kikajifunga. Kisilu akaanza kukipiga kwa ngumi.

"Mwizi!" Nashon alipaza sauti.

Oloo alisikia, akaondoa gari mbio. Mlinzi alikuja na rungu, akamkuta Nashon ameketi ngazini, mikono mbele, tayari kwa pingu.

"Nani anagonga hivyo?"

"Aliyemchoma dada yangu," Nashon alisema, machozi yakimtiririka. "Tafadhali, afande. Mwache agonge kidogo."