Chanjo ya Kumsenga

Hilux nyeupe ilikata kona ya kwenda Kumsenga bila kupunguza mwendo.

Asnath akaongeza moto. Yamaha yake ikanguruma, vumbi jekundu likamjaa mdomoni. Hakujali.

Mtu ambaye Asnath alikuwa akimfukuza alijiita Daktari Nicodemus. Hakuwa daktari wa mtu wala wa mnyama. Alipita vijijini akidunga nguruwe sindano za bure, akisema ni chanjo ya homa ya nguruwe. Akishaondoka, mabanda yananyamaza. Ilianza Kitanga, ikafuata Muyama.

Idara ya usalama ilimtuma Asnath kwa sababu alisomea mifugo kabla hajasomea bastola. Kule Kitanga alimkuta Mama Esteri, mjane, amekaa kando ya shimo walimofukiwa nguruwe wake wote. Mama huyo hakulia. Aliuliza tu kosa lake ni lipi, maana yule daktari alikula ugali nyumbani kwake.

Asnath alikwenda kulitafuta jibu. Alilipata maabara.

Virusi vya homa ile vina koo nyingi, na vikihama vyenyewe banda hadi banda, hubadilika kidogo kidogo. Hivi vilikuwa vya ukoo usiowahi kuonekana nchini. Tena vya Kitanga na vya Muyama vilifanana nukta kwa nukta.

Havikuhama. Vilitoka chupa moja.

Kifaa cha sikioni kililia. Alikuwa Saady, mkuu wake, akiwa Kasulu mjini.

"Uko wapi?"

"Nyuma yake. Watu wa Kumsenga wameshakusanyika na nguruwe wao."

"Namtaka hai. Bwana wake yuko hapa hotelini. Anataka mifugo yetu ife yote, tununue nyama yake. Nipo mlangoni kwake, ila sina cha kumshikia."

"Nimekuelewa, mkuu. Usikate simu."

Alielewa. Hakuahidi.

Akaiacha barabara, akapenya katikati ya migomba, majani yakimchapa mabegani. Akatokea mbele, kwenye daraja la mbao. Akailaza pikipiki katikati. Akachomoa bastola yake, Glock.

Hilux ilifunga breki, ikaserereka, ikasimama.

Nicodemus akashuka na sanduku la barafu lenye chupa zake za sindano. Akalinyoosha nje ya daraja, juu ya kijito ambacho watu wa kijiji kizima walinyweshea mifugo. Akamwambia Asnath kwamba akisogea tu, analiachia.

Kisha akatabasamu.

"Dada yangu, utaua mtu kwa ajili ya nguruwe?"

Hasira ilimpanda Asnath. Kidole kilikitaka kifua cha yule mtu. Kilikitaka kweli.

Ndipo akauona mkanda. Mkanda wa sanduku ulikuwa bado umepita shingoni kwa Nicodemus. Hata angeliachia, lisingekwenda popote.

Akashusha mtutu, akampiga risasi ya paja.

Nicodemus akaanguka kwenye mbao, sanduku likamwangukia kifuani. Asnath akalivua, akakagua kufuli. Zima. Akapapasa koti la majeruhi, akatoa simu ya setilaiti, Thuraya, akabonyeza namba ya mwisho.

Ikapokelewa mara moja. Sauti nzito ya kigeni.

"Nicodemus? Umewachanja wote?"

Asnath akaisogeza simu karibu na kifaa cha sikioni, Saady asikie. Alisikia mlango ukipigwa teke upande wa pili, kisha sauti ya Saady, tulivu kabisa:

"Endelea kuishika hiyo simu, bwana. Hapo hapo sikioni."

Nicodemus alikuwa akigugumia, akiomba aitiwe daktari.

"Si wewe hapo?" Asnath akamwuliza.

Lakini alimfunga jeraha kwa tai ya Nicodemus mwenyewe, akaikaza mkazo ambao haukuwa na huruma hata chembe. Polisi walipofika, akawakabidhi mtu na gari. Sanduku hakumpa yeyote. Akalifunga nyuma ya pikipiki, akakung'uta vumbi, akavuka daraja kuelekea Kumsenga kuwaambia watu wawarudishe nguruwe wao bandani.

Hasira ilikuwa haijamwisha. Wala hakutaka imwishe upesi.