Dirisha la Tatu

Mjomba wangu alikuwa karani wa serikali. Alikaa dirisha la tatu, katika ofisi iliyowapa watu habari za askari wao wakati wa vita. Kila asubuhi alichonga penseli, akanywa chai, akaandika shajara yake, ndipo akafungua dirisha. Alipofariki shajara hiyo nikaichukua mimi. Nimeisoma mara moja tu, na hasira yake haijanitoka.

Mkuu wa ofisi alikuwa ametoa amri: vifo visizidi kumi kwa siku, raia wasije wakavunjika moyo. Wa kumi na moja na kuendelea waandikwe "hajulikani alipo". Tarehe nne, kaka yangu alikuwa wa kumi na moja. "Mpwa wangu nimemweka kwa wasiojulikana," ameandika mjomba. "Kesho nitambadilisha." Kesho yake wakafa wengine kumi na saba.

Mama alipopata barua ya ofisi kwamba kaka hajulikani alipo, alikataa katakata kuhama mji. Mtaa mzima uliondoka. Bomu likabomoa nyumba ya pili kutoka kwetu, yeye bado anasema, "Mwanangu akirudi atanikuta wapi?" Mjomba alikuwa akija kila Jumapili. Alikula chakula chetu, akayasikia hayo kwa masikio yake, akafuta mdomo, akaaga. Nikikumbuka alivyofuta mdomo natamani kuvunja kitu.

Halafu shajara inabadilika. "Tarehe ishirini, saa tano asubuhi. Askari kijana dirishani, sare imelowa tope, na nje jua kali. Anataka cheti cha kifo. Nikamuuliza cha nani. Akasema, changu."

Mjomba hakuinua hata uso. Miaka ishirini ya kuwafukuza watu ilikuwa imemkaa mdomoni. Alimjibu kama alivyowajibu wote: "Njoo kesho."

Na kweli akaja. Akaja na wenzake.

Makarani wengine hawakuona kitu. Waliona tope sakafuni tu, wakamgombeza mfagizi. Mjomba aliwaona. Foleni ilifika mlangoni. Ikafika kwenye ngazi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Waliinama karibu kabisa na kioo cha dirisha, na kioo hakikushika mvuke. Naye kila siku aliwaambia waje kesho, kwa sababu alimwogopa mkuu wake kuliko maiti.

Siku ya tisa, wa kwanza kwenye foleni alikuwa kaka yangu.

"Shikamoo, mjomba," alinong'ona.

Mjomba aliinamia karatasi zake.

"Mama hatoki pale kwa ajili yangu. Niandike."

"Njoo kesho, mwanangu. Leo kumi wameshatimia."

"Kesho nyumba inapigwa, mjomba. Saa sita."

Mjomba aliandika cheti, akakipiga muhuri, akakileta kwetu mwenyewe jioni ile. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Alfajiri tukafunga mizigo. Saa sita mchana, tukiwa barabarani, nyumba yetu ikawa kifusi.

Watu wananiambia nimshukuru. Nimshukuru kwa lipi? Soma alichoandika usiku ule: ili kaka yangu apate nafasi, alimfuta mmoja katika wale kumi wa siku hiyo, akamrudisha kwa wasiojulikana. Kuna mama mahali fulani aliyebaki nyumbani kwake akisubiri. Jina la mwanawe halimo hata kwenye shajara. "Waliobaki," amemalizia, "nimewaambia waje kesho."

Cheti tunacho hadi leo. Chini kabisa kuna mstari wa sahihi ya aliyetoa taarifa za kifo. Sahihi iliyopo ni ya kaka yangu, yenye ile herufi ya mwisho aliyozoea kuivuta mpaka ukingoni. Karatasi imekuwa ya manjano, lakini wino wa sahihi ile haujakauka. Mwezi uliopita mama aliupitishia kidole. Kikachafuka. Siku hiyo nzima alikataa kunawa mkono.