Mashimo Manne kwenye Barafu

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, kazi yangu ilikuwa kuingiza kuni ndani, kisha kumpelekea Babu Reino kahawa na kipande cha mkate wa iliki. Babu alikuwa akikaa dirishani akiliangalia ziwa letu dogo. Tangu mguu wake wa kushoto ulipopooza hakuweza tena kuingia kwenye mashua, na ufuo wetu wote ni mawe yanayoteleza. Miaka miwili ilikuwa imepita bila yeye kuvua hata samaki mmoja.

"Aila," aliniambia asubuhi moja ya Februari, "baba yako ameniahidi gati. Gati la kuelea, lifike kule kwenye maji ya kina. Nitatembea juu yake kwa miguu yangu mwenyewe, nivue mpaka nichoke. Nikipata hilo, sidai kingine."

Basi nyumba nzima ikawa ni habari ya gati tu. Baba, ambaye ni seremala, aliunda fremu ya mbao ghalani na kufunga mapipa ya plastiki chini yake. Nanga zilikuwa nne, za zege tulilomimina ndani ya matairi mabovu, kila moja na pete yake ya chuma. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota hatuhangaiki kupakia nanga kwenye mashua. Tunaziburuta juu ya barafu, tunaziacha mahali pake, na barafu ikiyeyuka zinazama zenyewe. Ila mnyororo wa kuunganisha nanga na gati lazima ukatwe mapema kulingana na kina. Ukiwa mfupi, maji yakipanda gati halitapanda nayo.

"Kazi ya kupima nakupa wewe," Baba alisema, akinipa kamba yenye fundo kila futi moja na kipande cha chuma mwishoni. "Shimo moja moja. Babu anasema kuna korongo lenye kina kirefu mahali fulani kule chini ya ziwa, hakumbuki wapi. Usikisie."

Binamu yangu Wade, tuliyeishi naye na aliyenizidi mwaka mmoja, alitoboa barafu mashimo manne, moja kwa kila pembe ya gati. Upepo ulikuwa unakata masikio. Ili kuhesabu mafundo ilinibidi nivue glavu na kushika kamba iliyolowa. Shimo la kwanza nilipata futi kumi. Nilipomaliza, vidole sikuvisikia tena.

"Bado matatu, bibie," Wade alinicheka. "Hayo ni machozi au makamasi?"

"Nyamaza, wewe! Njoo upime mwenyewe basi."

"Nipime nini? Mashimo yote yako hapa hapa. Andika kumi, kumi, kumi, twende zetu tukaote moto."

Nikaandika kumi mara nne. Baba alikata minyororo minne ya urefu sawa, futi kumi na tano kila mmoja, tano zikiwa za akiba maji yakipanda, akasema nimefanya kazi nzuri. Nilikula chakula cha jioni bila kumtazama usoni.

Mwezi wa Mei tulilisukuma gati majini. Pembe tatu zilifungwa bila shida. Ya nne ikawa kasheshe: Baba na Wade walisimama juu yake wakaididimiza, ndipo mnyororo ukafika kwenye kulabu kwa shida.

"Huu mnyororo mbona umekazika hivi?" Baba alisema akipangusa jasho. "Aila, shimo la nne ulipata futi ngapi?"

"Kumi."

"Una hakika?"

Jua lilikuwa linawaka, na ziwa limetulia. Wade aliangalia vidole vya miguu yake. Ningesema neno moja tu, tungemaliza tatizo pale pale.

"Hakika, Baba."

"Basi umejikunja kwenye tope. Utajinyoosha."

Babu alivua samaki siku kumi na moja. Kila asubuhi alitembea taratibu na fimbo yake mpaka mwisho wa gati, akaketi, akatania kila aliyepita. Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Baba alikuwa mji wa jirani akiezeka nyumba. Ziwa likapanda futi moja na nusu, na gati likapanda nalo, isipokuwa pembe ya nne.

Asubuhi mvua ilipokatika, Babu alitoka na fimbo yake kama kawaida. Nilikuwa namimina kahawa niliposikia kishindo. Pembe ile ilikuwa chini ya maji, mbao zimelowa na kuteleza, na Babu alikuwa amelala ubavu ndani ya maji, hawezi kuinuka. Nilipiga kelele Wade aite gari la wagonjwa. Mimi nikajitupa pale, nikashika kichwa chake kisizame.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema hataweza kutembea tena bila kusaidiwa, na kwetu mchana hapakuwa na mtu wa kumwinua. Wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mjini.

"Usiseme kitu," Wade alininong'oneza. "Watadhani ni mvua tu."

Lakini Baba hakuilaumu mvua. "Nililifunga kwa mikono yangu," alirudia kila tulipoketi kula, na sahani yake ilirudi jikoni vilevile. Nilivumilia wiki nzima. Siku ya nane nilishindwa, nikamwambia yote.

Hakunipiga wala hakufoka. Alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Kesho yake aliniita kwenye mashua. Maji yalikuwa yameshuka tena. Tukafungua minyororo, nikapima pembe zote: kumi, kumi, kumi na moja, kumi na sita. Korongo lilikuwa chini ya ile ya nne. Tuliurefusha mnyororo wa pembe hiyo, na alasiri gati lilikuwa limekaa sawa kabisa. Hapakuwa na mtu wa kulitumia.

Jumapili tulikwenda kumwona Babu. Nilimweleza mwenyewe, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya blanketi.

"Siku ile ya barafu nakusamehe," alisema. "Baridi ile hata mimi ningekimbia, na uvivu kila mtu anao. Lakini mwezi wa Mei, mjukuu wangu, baba yako alikuuliza. Jua linawaka, vidole vyako vina joto. Kilichokuzuia kusema ni nini?"

"Aibu, Babu."

"Aibu. Basi shika hili. Kukosea kazi kunarekebishika, mradi useme mapema. Ukiulizwa ukadanganya, unamwachia mwenzako aumie kwa ajili yako. Safari hii nimeumia mimi."

Nilitamani aniambie yameisha, lakini hakusema hivyo.

"Gati limekaa sawa sasa?" aliuliza.

"Limekaa sawa, Babu."

"Umepima zote nne?"

"Zote nne."

Babu aligeuza kichwa polepole kwenye mto, akamtazama baba yangu.

"Ni kweli anachosema?"

Baba alijibu kwamba ni kweli. Hapo ndipo Babu alipoamini.